Gogo la Mwisho Chini ya Daraja

Kila mwaka theluji ikishayeyuka, mume wangu Orrin alivuta kwa trekta magogo yote yaliyoangukia kijitoni. Baba yake alifanya hivyohivyo. Katika bonde letu, kijito safi ni kijito kisicho na gogo. Ng'ombe nao walikunywa popote, wakatafuna mierebi, miti iliyotia kivuli ukingoni, mpaka ikaisha.

Agosti ile jua lilitukomesha. Kijito kilibaki chembamba. Samaki wetu wa asili, trauti wenye mstari mwekundu kooni, wakaanza kuelea matumbo juu. Waliobaki walijazana kwenye kidimbwi kimoja tu chini ya daraja, penye gogo kubwa lililomshinda Orrin miaka yote.

"Hili ndilo linaloziba maji na kuwaua samaki!" akafoka. Safari hii alikuja na mnyororo mnene, akaufunga kwenye gogo.

Jirani yetu Delphine, mtaalamu wa vijito, akafika mbio na kuketi juu ya gogo.

"Shuka, Delphine. Sina utani leo."

"Hata mimi sina. Ukilivuta, kesho huna samaki hata mmoja."

"Nani kakuita?"

"Mimi," nikasema. Orrin akanitazama kama nimemsaliti. Niliogopa, kusema kweli.

"Ingiza mkono hapo penye jua," Delphine akamwambia.

Akaingiza. "Vuguvugu."

"Haya, sasa chini ya gogo."

Akainama, mkono ukazama mpaka begani. "Lo! Baridi!"

"Mafuriko yakipita chini ya gogo huchimba shimo refu lenye kivuli. Trauti hukosa pumzi kwenye maji ya moto. Wewe unavunja nyumba zao, bwana, na ng'ombe wako wanakula mierebi, paa lao."

Orrin akafungua mnyororo.

Wiki ile tulijenga uzio, tukawawekea ng'ombe hori la maji mbali na ukingo. Majira ya baridi yalipokaribia tulichomeka vipande vya matawi ya mierebi ukingoni ili viote. Magogo, Orrin aliyarudisha kijitoni mwenyewe, huku akinung'unika.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mierebi imenipita kimo, na madimbwi yenye trauti ni saba.

Juzi shemeji yangu Lyman alikuja na trekta "kutusaidia kusafisha." Orrin akatoka mbio bila viatu, akaketi juu ya gogo.

"Shuka, wewe! Umechanganyikiwa?" Lyman akapiga kelele.

"Kwanza ingiza mkono," mume wangu akamjibu.