Sahihi ya Marehemu

Jua lilikuwa linazama nilipokuwa nafunga madirisha ya zahanati. Mimi ndiye muuguzi, mfagizi na mlinzi, ndivyo tulivyoachwa. Daktari wetu alikufa mwaka jana kwa kidole tumbo, kwa kukosa daktari wa kumpasua. Cheka ukipenda.

Wakubwa walisema kituo kisicho na daktari kitafungwa. Basi kila asubuhi nikawa nafungua daftari la mahudhurio na kumtilia marehemu sahihi. Nilijua ni dhambi, lakini mfa maji haishi kutapatapa.

Sijafunga dirisha la mwisho, shemeji akamleta mdogo wangu kwenye mkokoteni. Uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, damu inatiririka. Hospitali yenye chumba cha upasuaji iko mwendo wa siku nzima. Nilimshika mkono nikajua nampoteza.

Shemeji akauliza daktari yuko wapi. Nikamjibu kwa mazoea, kama ninavyowajibu wote.

"Yupo. Ametoka kidogo."

Akatoka nje kumsubiri. Mlango wa nyuma ukalia... kwiii.

Harufu ilitangulia. Spiriti, na udongo mbichi.

"Nimerudi, sista," sauti ikanong'ona. "Chemsha maji."

Alivaa koti jeupe, lile lile tulilomzika nalo. Maji nilichemsha, maana mdogo wangu alikuwa anakufa. Alipasua bila taa. Mtoto akalia.

"Umefuata nini?" nilimuuliza.

"Umeniita kila asubuhi." Akanawa mikono, maji yakawa tope. "Nyuzi nitakuja kuzitoa siku ya saba. Waambie watu nipo."

Shemeji anaapa hakuona mtu akiingia wala kutoka.

Nikaacha kutia sahihi. Haikusaidia kitu. Kila asubuhi naikuta imeshatiwa, kwa tope. Jana wakubwa walileta barua: kwa kuwa daktari wetu anahudhuria vizuri, daktari mwingine aliyekuwa aletwe kwetu atabaki mjini. Nililia kwa hasira.

Leo ni siku ya saba. Foleni imefika barabarani, wamesikia tuna daktari. Kidonda cha mdogo wangu kinanuka udongo, na zile nyuzi si za kwetu. Nikizigusa tu, damu inaanza upya.

Jua linazama. Mlango wa nyuma nimeuacha wazi.

Nimeshachemsha maji.