Vikopo vya Redio ya Ruhani

Jenereta ilishazimwa, waya umechomolewa na kuviringwa juu ya meza, lakini kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo mbele ya ofisi ya kijiji cha Ndagoni kiliendelea kunguruma. Si kwa nguvu. Kilinguruma kama mtu aliyeshiba, anayejiuliza kama alale au aongeze kidogo.

Fundi Pazi hakushtuka. Ndani ya kisanduku kinacholisha redio ya kijiji umeme mna vikopo viwili vya bati, vinene kama vidole gumba, ambavyo mafundi huviita kapasita. Kazi yake ni kuweka umeme akiba na kuutoa polepole, na hata ukizima huchukua muda kumaliza kilichomo tumboni. Akahesabu hadi kumi. Akahesabu hadi arobaini. Alipofika mia mbili, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Muhidini, akachungulia dirishani akauliza kama ile ndiyo taarifa ya habari.

"Inapoa," Pazi akasema.

"Inapoa nini, fundi? Ni uji?"

Ilikuwa Jumanne, mwaka wa sabini na tano, na Alhamisi wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kuona kijiji cha ujamaa kinavyoendelea. Muhidini alishaapa kwamba redio itasema, hata kama ng'ombe hawatatoa maziwa. Kisanduku chenyewe kilikuwa cha ovyo tangu siku kilipoletwa. Vikopo vyake vya awali vilivimba kama samaki bunju aliyechokozwa, vikapasuka, vikatoa maji yenye shombo kali hata paka watatu wakahamia ofisini na kuhudhuria vikao zaidi kuliko wajumbe. Vipya, mjini Kilindoni havikuwepo. Vya Dar es Salaam vingekuja na meli ijayo, na meli ijayo ilianza kutajwa tangu Ramadhani.

Ndipo Pazi akakumbuka redio ya ruhani.

Bi Mwanasiti, mganga wa pale kijijini, alikuwa kiti cha ruhani wa baharini kwa miaka thelathini. Ruhani akimpanda, husema kwa kinywa chake, na watu huuliza anataka nini. Maruhani wa wenzake hutaka halua, kilemba, kanzu ya hariri. Wa kwake mwaka juzi alitaka redio. Wanawe wakamletea kubwa, ya kuchomeka, katika nyumba isiyo na umeme. Ruhani hakulalamika. Iliwekwa kwenye kibanda cha ruhani, ikafunikwa kitambaa cheupe, na kila Ijumaa ikanyunyiziwa marashi.

Pazi alijisemea kwamba mwenyewe haisikilizi. Asubuhi ile ile, Bi Mwanasiti alipokwenda shamba, Pazi aliingia kibandani bila kupiga hodi, akaifungua redio, akatoa vikopo viwili, akarudisha kitambaa kama alivyokikuta. Hata bismillahi hakusema, maana mdomoni alibana bisibisi.

Akavilehemu kwenye kisanduku cha ofisi, redio ikasema, na sasa mngurumo ulikuwa hauishi. Akaichukua bisibisi ile ile, akagusisha ncha yake kwenye kikopo ili akimalize umeme wake, kama mafundi wafanyavyo. Hapakuruka cheche. Kitu kilipita kwenye chuma, kikaingia ncha ya kidole chake taratibu, kama mgeni anayepapasa ukuta katika nyumba asiyoijua. Kidole kikafa ganzi. Kufika alasiri, ganzi ilikuwa kwenye kifundo cha mkono.

Hakumwambia mtu. Chiku, mkewe, alijua wakati wa chakula.

"Pazi. Mkono wako uko ndani ya mchuzi."

Akatazama. Vidole vinne vilikuwa vimezama kwenye chungu kilichotoka motoni sasa hivi, na mchuzi ulikuwa bado unachemka pembezoni mwake. Alivitoa bila haraka. Havikunuka samaki. Vilinuka marashi.

Kwa sauti ya chini akamweleza yote. Chiku alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni kweli aliingia kwa ruhani.

"Sikuingia sana."

"Kuna kuingia kidogo?" Akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. "Mkono huu ndio shamba letu, Pazi. Hatuna mtumbwi, hatuna minazi. Ukifa huu tunakula nini?"

Pazi alijua angepaswa kuogopa. Alijitafuta ndani akaona hofu iko mbali, kama mtu anayemwita toka ng'ambo ya maji naye hana hamu ya kuitika.

Kesho yake adhuhuri, jua likiwa utosini, Bi Mwanasiti akaja ofisini na chetezo cha ubani, Chiku nyuma yake. Hakugomba. Alijifunika shuka jeupe, akakaa sakafuni, akaanza kumwita ruhani wake ampande aseme anachotaka. Akaita, akangoja. Akaita tena. Alikaa pale kama bibi harusi ambaye bwana harusi kapitia nyumba nyingine, na Muhidini mlangoni akaanza kutafuta la kuchekesha, lakini hakulipata, kwa sababu kipaza sauti cha nje, ambacho waya wake ulikuwa umening'inia haujaunganishwa na kitu chochote, kiliacha kunguruma, kikavuta pumzi.

"Nimefunguliwa," kikasema, "nimegawanywa, nusu yangu iko gizani chini ya kitambaa na nusu iko hapa inalishwa moto."

Bi Mwanasiti akamwambia Pazi, bila kugeuka, "Vitoe. Sasa hivi."

Pazi akaitia shaba ya kulehemu kwenye makaa, ikawa nyekundu, akainamia kisanduku akaanza kuyeyusha risasi iliyoshika vikopo, mkono wake wa kulia ukifanya kazi upesi na kwa usafi kuliko alivyowahi kuuona, na moshi ukapanda, na harufu ya nyama inayoungua ikajaa chumba, naye akajiuliza ni nani anayechoma nyama wakati huu wa adhuhuri, mpaka aliposikia Chiku analia ndipo akaona kwamba shaba ilikuwa imelala juu ya kidole chake cha shahada tangu mwanzo, na kwamba kidole hakikutetemeka.

Vikopo vikarudishwa kibandani, akavilehemu mahali pake. Safari hii alipiga hodi, akasema bismillahi, akaomba radhi mara tatu. Kipaza sauti kikanyamaza kabisa. Alhamisi wageni wakaja, na Muhidini akawasomea taarifa ya habari mwenyewe, toka kichwani, pamoja na hali ya hewa.

Ganzi haikuondoka.

Ijumaa baada ya sala, Bi Mwanasiti akaja nyumbani. Pazi alikuwa amekaa barazani, mkono umelala pajani. Alipofungua kinywa amwamkie mama yule, mama akamwashiria anyamaze. Hakumtazama usoni.

"Amehama," alimwambia Chiku. "Nimemwita jana, nimemwita leo. Miaka thelathini nimembeba, na leo nimeamka mwepesi kama karatasi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Chiku akamsihi ampunge, amtoe.

"Wa kumpunga ndiye mimi, mwanangu, na mimi hanisikii tena. Mpe heshima yake tu. Na kazi ya mkono huo msiulize ni ya nani."

Akafungua chupa ya marashi, akanyunyiza. Pazi aliona matone yanaanguka juu ya ngozi, hakuyasikia. Aliona vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja, hata kile kilichoungua, na si yeye aliyevifungua. Kisha Bi Mwanasiti, na magoti yake yale mabovu, akajishusha polepole hadi chini, akainamisha kichwa mbele ya mkono ule.

"Shikamoo, bwana."

Pazi alitaka kumwambia, mama, inuka, unanitia aibu.

"Marahaba," kinywa chake kikasema.