Mgeni wa Spika ya Kushoto

Spika ya kushoto ilikuwa na joto, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Kabatesi alikuwa akipangusa vumbi tu, mawazo yake yako kwenye sare za shule zilizolundikana kando ya cherehani. Mkono ulipogusa ubao wa spika aliurudisha haraka. Akaugusa tena. Lilikuwa joto la shavu la mtoto mwenye homa. Spika ya kulia ilikuwa baridi kama ukuta. Akasema bismillahi, akajiambia ni jua la dirishani, ingawa siku hiyo ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelalia mabati ya Gisenyi, na jua lenyewe hakuna aliyeliona.

Spika hizo na ampli yake nzito mumewe Mudathiru alizinunua Nyamyumba, kwenye nyumba moja ya wageni iliyokuwa inafungwa, jirani na chemchemi za maji ya moto. Mudathiru ni dereva wa lori. Alizileta juu ya shehena ya vitunguu, akazishusha sebuleni kama mtu anayemshusha bibi harusi. "Sasa na sisi tuko na muziki wa wakubwa," alisema. Kilichokosekana ni cha kuzilisha. Ampli ya zamani haijui simu wala flashi. Inangoja mtu ailetee sauti.

Ndipo akaitwa Jolly, fundi wa redio aliyekulia Uganda, mwanamke wa kucheka sana na wa kusema kweli zaidi. Alipanga vitu vitatu juu ya meza ya kukatia nguo.

"Sikia, sista. Pesa yako ni kidogo, donc tusidanganyane. Hii ni mashine ya CD, mtumba wa Goma. Sauti yake ni safi kuliko zote, lakini CD zenyewe utazitafuta mpaka uchoke. Hii ya pili ni simu ya zamani, kioo kimepasuka, haina laini. Naijaza nyimbo, naiunga kwa waya, basi, inatosha kabisa. Na hii..." Aliinua kidude kidogo kama kiberiti. "Hii ni ya bluetooth. Unachomeka nyuma ya ampli. We unakaa kwenye cherehani yako, simu mkononi, wimbo unaruka wenyewe."

"Bila kuinuka?"

"Bila kuinuka. Ila haina neno la siri. Mutu akipita na simu yake hapo nje, akibonyeza, ameingia. Hii kitu inamwambia kila mutu karibu."

"Nani ataingia hapa? Majirani wangu ni watu wa sala."

Jolly alimtazama juu ya miwani. "Mi ningechukua waya. Waya unajua umeshikwa na nani."

Kabatesi akachukua kidude. Baadaye, kwenye sijida, hakumficha Mungu: alikichagua kwa uvivu, na kwa kutaka Cansilde wa ng'ambo ya ukuta aone jinsi nyimbo zinavyobadilika pasipo mtu kuinuka kitini.

Kila simu ilipojiunga, kidude kilitoa mlio: ti-tuu. Basi siku ile ya joto kwenye ubao, umeme uliporudi na adhana ya adhuhuri ikaisha, mlio ulisikika. Ti-tuu. Simu ya Kabatesi ilikuwa mezani, imezimwa. Ya Mudathiru ilikuwa na Mudathiru, barabara ya Musanze. Spika zilikaa kimya muda wa mtu kumeza mate, kisha ile ya kushoto ikatoa sauti ya chini, iliyoloa, kama ya mtu anayezungumza huku maji yamemfika kidevuni.

"Hodi."

Isimbi, binti yao wa miaka sita, alikuwa sakafuni akiwavisha wanasesere wake vipande vya sare. Ni mtoto aliyefundishwa adabu. Hakuinua hata kichwa.

"Karibu," akasema.

Kabatesi alikwenda mlangoni akijua moyoni kwamba hatakuta mtu, na hakukuta. Kuku wa Cansilde tu, amesimama uani, shingo imenyooka, anatazama ndani ya nyumba, hafukuziki. Aliporudi sebuleni palinuka maji ya moto, ile harufu ya kule Nyamyumba, mfano wa mayai yaliyochemshwa yakasahauliwa.

Kuanzia hapo sauti ya Isimbi ikaanza kupungua. Haikukwaruza kama ya mafua. Ilipungua tu, kama redio inayoteremshwa na mkono usioonekana. Wauguzi walimmulika kooni, wakasema koo ni safi, apewe chai ya tangawizi. Alipewa. Na kwa kadiri ilivyopungua kwa mtoto, ndivyo ilivyojaa kwenye spika ya kushoto: kwanza kicheko, halafu kuhesabu, rimwe, kabiri, gatatu, halafu siku moja mchana kweupe, Kabatesi akiwa na uzi mdomoni, ikaita "mama," na alipogeuka akamkuta Isimbi amesimama nyuma yake na midomo ikitembea, na machozi, na hakuna chochote kilichotoka kinywani mwake, kwa sababu kilio chake chote, na kwikwi zake, na ile namna yake ya kuvuta kamasi katikati ya kulia, vilikuwa vinasikika kutoka kwenye ubao ule wenye joto, vizuri kabisa, wazi kabisa, kama mtoto amefungiwa humo na mlango umerudishwa.

Kabatesi aling'oa kidude. Aling'oa waya wa umeme. Aling'oa na waya za spika mpaka shaba ikamchana kidole. Kilio kiliendelea.

Jolly alikuja mbio. Safari hii hakucheka. Alizunguka nyuma ya spika, akatoka akiwa ameshika ncha za waya.

"Sista," alinong'ona, "kidude iko mfukoni mwangu. Waya ziko mkononi mwangu. Hii bafle, hii spika yenu, inasema na nini?"

Mudathiru aliporudi alivua shati, akaikumbatia spika aipeleke ziwani.

"Weka chini," alisema Kabatesi.

"Mwanamke, hii kitu ni jini!"

"Najua ni jini. Na sauti ya mtoto iko wapi? Si iko humo ndani? Utaitupa nayo?"

Mudathiru aliiweka chini taratibu, kama iliyojaa mayai, akakaa juu ya rundo la sare akajishika kichwa.

Habari haijui ukuta. Cansilde alichungulia juu ya tofali, rozari mkononi, akiongea kwa pumzi.

"Yewe Mama Isimbi, muhame! Mi nasikia ile kitu mpaka jikoni kwangu. Muhame leo."

"Nihame niende wapi? Nyumba ni yangu. Yeye amekuja juzi, amenikuta."

"Pole pole, atakusikia!"

"Asikie! Mi nasema juu ya nani kama si yeye?"

Lakini moyoni Kabatesi alimwomba Mungu asimhesabie kiburi kile, maana bila kiburi kile angelala chini pale pale uani.

Mwalimu Faradji wa madrasa aliletwa baada ya sala ya alasiri. Mzee mwembamba, koti la suti juu ya kanzu, kikohozi kisichoisha. Aliketi mbele ya spika, akasoma. Kitambaa cha spika kikaanza kuloa kutoka ndani. Tone, kisha tone jingine, yakawa yanatoa mvuke yakigusa simenti.

"Toka kwa jina la Mungu," alisema Mwalimu.

"Nilikaribishwa," ilijibu sauti ya Isimbi, na Isimbi mwenyewe alikuwa amejificha kwenye sketi ya mama yake, midomo imefungwa. "Nilibisha, nikajibiwa. Mmesahau? Mulikuwa munatafuta cha kulisha hii mashine. Simu, waya, CD. Na mimi nilikuwa natafuta. Nimechagua. Hii ndiyo sauti safi kuliko zote. Imebaki kidogo tu. Ikiisha sauti, nyuma yake kuna pumzi, na pumzi pia inalia vizuri ukiipitisha mahali pembamba."

Mwalimu Faradji alijikokota nyuma mpaka mgongo ukagonga cherehani. Alimvuta Kabatesi karibu, akamnong'oneza sikioni.

"Mwanangu, mi sitakudanganya. Nasoma, lakini iko na haki ya mugeni. Neno la kumuingiza lilitoka kwa mutoto. Neno la kumutoa, mutoto huyohuyo ndiye wa kulisema. Mimi siwezi. Baba hawezi."

"Mtoto hana sauti, Mwalimu."

"Ndiyo naona. Na yeye anajua. Ndiyo maana hana haraka."

Chumba kikajaa ile harufu, na mvuke ukapanda ukutani ukafuta picha ya Makka iliyoning'inia pale, na Mudathiru akaanza kulia bila kujificha, na Jolly mlangoni akawa anataja jina la Yesu kwa sauti ndogo, na Kabatesi akahisi kupitia kitambaa cha sketi jinsi kifua cha mwanawe kilivyopanda na kushuka kwa taabu, kama kuna mtu upande wa pili anayevuta uzi, anavuta, anapumzika, anavuta tena, na katikati ya hofu hiyo akakumbuka kile kilio. Midomo ilitembea huku. Sauti ilitokea kule.

Akapiga magoti mbele ya Isimbi, akamshika mashavu.

"Mama, sikia. Usiogope kama hujisikii. Sema tu na midomo. Sema: toka kwetu."

Isimbi alitikisa kichwa, akionyesha koo lake.

"Najua. Sema hivyohivyo."

Midomo ya mtoto ikafunguka. Na kutoka kwenye spika, kwa sauti ileile safi iliyoibwa, neno likatoka kabla mwizi hajalizuia:

"Toka..."

Likakatika. Spika ikanyamaza ghafla, kimya cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mikono miwili. Na katika kimya hicho, watu wazima wote wanne wakasikia, kwenye kinywa cha Isimbi mwenyewe, uzi mwembamba wa sauti, mkavu, lakini wa kwake:

"...kwetu."

Kabatesi alicheka. Siku zote hizo hakuwa amecheka, na kicheko kilitoka kibaya, kama kikohozi.

"Umebanwa!" aliiambia spika. "Ukilichukua neno lake, unajifukuza mwenyewe. Ukiliacha, linabaki kwa mwenyewe na anakufukuza yeye. Bon, chagua! Si unajua kuchagua wewe? Isimbi, tena!"

"Toka," ilisema spika.

"Kwetu," alisema Isimbi.

"Tena, mama!"

"Toka kwetu," spika na mtoto kwa pamoja, sauti moja imegawanyika pande mbili za chumba, na upande wa spika ulikuwa unaomba sasa, unajaribu kulimeza neno na neno linapanda, na Mwalimu Faradji akarudi kwa magoti akaanza kusoma tena bila kuambiwa. Maji ya moto yakabubujika kwenye kitambaa yakatiririka sakafuni, yakapita kati ya sare, yakapita chini ya mlango, na Jolly akaruka kuyapisha. Uani kuku akalia. Kisha ubao wa spika ukapiga mlio wa mti unaopoa, na harufu ikaondoka yote kwa mara moja.

Mudathiru aliinuka. Alikuwa tayari ameshaishika spika.

"Iache," alisema Kabatesi. "Nitaianika. Ni ya kwangu. Jolly, ile simu ya kioo kilichopasuka bado unayo? Lete, na waya."

"Sista, baada ya haya yote?"

"Baada ya haya yote nikae kimya ndani ya nyumba yangu? Lete."

Ndipo Isimbi akavuta pumzi, pumzi ndefu ambayo hakuna aliyemvutia, akalia. Alilia kwa kinywa chake, mdomo wazi, kamasi na yote, kelele iliyopiga mabati na kuvuka ukuta. Upande wa pili Cansilde alipiga kelele kwa woga: "Mama Isimbi! Mumunyamazishe mutoto, kitarudi!"

"Hanyamazi!" Kabatesi alijibu, mikono yake ikiwa bado kwenye yale mashavu yaliyoloa. "Zaidi, mama. Piga zaidi."