Nenda Siku Isiyo na Mpira

Nyumbani kwa Delbert Kucera, katika jimbo la Nebraska, jioni za baridi huliwa maharage yaliyopikwa kwa nyama ya kusaga na pilipili, pamoja na mikate ya mdalasini. Ndivyo yeye na mkewe walivyolishwa shuleni utotoni, na ndivyo wanavyokula mpaka leo. Jioni moja ya Oktoba, Delbert alikula huku akisimulia, na hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kusema neno.

Alikuwa ametoka kumpeleka binti yake, Tessa, kukitazama chuo kikuu kikubwa cha jimbo. Akachagua Jumamosi ya mechi. Watu wa Nebraska ni wagonjwa wa mpira wa Kimarekani wa chuo hicho, na Delbert yuko mahututi. Yeye mwenyewe hakusoma chuo chochote. Alimaliza sekondari akaingia shambani kwa baba yake. Lakini alipopanda ngazi za uwanja na kuwaona watu wote wale waliovaa nyekundu, wakisimama pamoja na kuimba pamoja, machozi yalimlengalenga. Aliona kama jimbo zima limekuja kumpokea mwanawe.

"Basi, kazi imekwisha," alisema. "Tessa atasoma hapo."

Tessa aliendelea kula kimya. Ni msichana asiyesema sana, na anapenda kujua habari za maji yaliyo chini ya ardhi: yametoka wapi na yanakwenda wapi. Kimya chake kilimtia wasiwasi mama yake, Rhonda. Kaka yake Tessa, Wade, alikwenda chuo hichohicho kwa sababu ya mpira huohuo. Alikwama katika masomo, akaona haya kuuliza, na kabla ya Pasaka alikuwa amerudi nyumbani na mabegi yake. Mpaka leo hapendi kuulizwa habari za shule. Rhonda hakutaka kumwona mtoto wa pili akirudi hivyo.

Kesho yake akamwita jirani, Ione Pruess, ambaye kwa miaka mingi amewashauri wanafunzi wa sekondari ya mji wao kuhusu vyuo. Ione alivua koti, akapewa mkate wa mdalasini, akamsikiliza Delbert mpaka mwisho. Kisha akamuuliza madarasa ya chuo yalikuwaje.

"Jumamosi hakuna masomo," Delbert alisema.

"Na walimu je?"

"Nadhani walikuwa uwanjani. Kila mtu alikuwa uwanjani."

"Del, wewe umekwenda kuangalia mpira. Chuo bado hujakiona."

Rhonda alicheka. Delbert alinuna, ila si mtu wa kununa muda mrefu.

Ione akawaeleza taratibu. Chuo kile ni kizuri, na watoto wengi kinawafaa sana. Lakini jimbo lina vyuo vingi, na kila kimoja kina tabia yake. Mzazi avitembelee viwili au vitatu siku ya kawaida ya masomo, na kila mahali yaulizwe maswali yaleyale, ndipo ataweza kulinganisha. Somo analolitaka mtoto lipo? Nani hufundisha mwaka wa kwanza? Mtoto akikwama, anakwenda kwa nani? Kati ya wanaoanza, ni wengi wanaomaliza? Na ada iliyotangazwa isiwatishe. Waulize chuoni familia yenye hali kama yao hulipa kiasi gani hasa baada ya misaada ya fedha.

"Na mkifika huko, Del, wewe unyamaze," Ione alimalizia.

"Ninyamaze vipi? Mimi si ndiye baba?"

"Ndiyo maana nakwambia. Anayekwenda kusoma ni Tessa. Mwache aulize mwenyewe."

Delbert na Tessa wakaanza kwa kurudi chuo kikubwa, Jumanne. Delbert alistaajabu upya. Katika maktaba, vijana walijaa ghorofa juu ya ghorofa, wanasoma, hasikiki hata mmoja. Bila kujua, Delbert alivua kofia kama yuko kanisani. Darasani, mwalimu alifundisha vizuri mbele ya umati mkubwa. Tessa alikaa nyuma kabisa, na mkono hakuunyosha.

Siku mbili baadaye wakaenda Chuo cha Loup Bend, magharibi ya jimbo. Majengo mafupi, upepo mkali, na uwanja ambao Delbert aliuonea huruma. Alitaka kusema warudi nyumbani, akajizuia.

Ndani, wanafunzi wachache walikuwa wameizunguka meza. Mwalimu wao, Profesa Lindgren, alikuwa amepanga udongo uliochimbwa kutoka chini sana, tabaka baada ya tabaka. Tessa aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini kuna kokoto za mviringo mahali palipo mbali na mto.

"Wewe unafikiri ni kwa nini?" Profesa akamuuliza.

Delbert alifungua kinywa amjibie binti yake, kama kawaida yake. Akagundua kwamba hajui jibu.

"Labda zamani mto ulipita hapo," Tessa alisema. "Mto ukahama, kokoto zikabaki. Na maji yakapata njia katikati yake."

Profesa akamwekea kipande cha udongo mkononi na kumwambia aendelee. Tessa akaendelea. Delbert hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Alimwangalia kama mtu aliyetambulishwa kwake siku hiyo, na moyo ukamjaa.

Garini akamuuliza, kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe anaonaje.

"Hapa nikikwama nitauliza, Baba. Kule ningenyamaza."

"Basi ni hapa," Delbert alisema.

Tessa alimaliza mwaka wa kwanza salama. Likizo ilipofika, aliteremsha kipimo katika kisima cha shamba, akamweleza baba yake, kama alivyojifunza chuoni, kwamba maji anayokunywa yalinyesha kama mvua kabla Kucera yeyote hajafika Nebraska. Delbert aliitazama ardhi aliyoilima maisha yake yote. Rhonda, aliyesimama kando yao, alishusha pumzi.

"Na chini ya maji hayo kuna nini?" Delbert aliuliza.

"Sijui bado," Tessa alisema. "Chuo kikifunguliwa nitamuuliza mwalimu."