Kopo la Babu Sipriani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Skolastika alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamwaga kopo la mkojo la babu yake. Babu Sipriani alikuwa na magoti mabovu na choo kilikuwa mbali. Mdomo wake lakini haukuwa na ubovu wowote. Pale kwao Mtama redio zilimwonea wivu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mahafali yenu ya darasa la saba bado siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Nitakaa kiti cha mbele, niwazibe wote."

Wiki hiyo, hata hivyo, mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Macho ya babu yalianza kuwa ya manjano, naye alijikuna kutwa. "Ni mafuta ya maganda ya korosho haya," alisema. "Na habari za kopo usimwambie mama yako. Nikilazwa, nitakosa mahafali yako." Skolastika akanyamaza, lakini roho haikutulia.

Mama yake, Yustina, alipoyaona yale macho, aliwachukua babu na Skolastika hadi kwa Daktari Likwata.

"Mkojo wako ukoje, mzee?" daktari aliuliza.

"Mweupe kama maji ya kisima."

"Na kujikuna?"

"Korosho, daktari. Nyumbani tunabangua sana."

Babu akamkonyeza Skolastika. Binti huyo alimpenda mno, na alikitaka kile kiti cha mbele kiwe na mtu wake. Hata hivyo akasimama.

"Nisamehe, babu. Daktari, msimu wa korosho ulikwisha zamani. Hatujabangua hata moja tangu Februari. Na mkojo ni kama chai ya rangi. Mimi ndiye ninayeumwaga."

Babu alimkata jicho. Daktari alieleza kwamba huenda mfereji wa nyongo umeziba, akawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam.

Huko vipimo vilionyesha saratani kwenye mfereji huo. Wataalamu walimpa babu dawa ya usingizi, wakapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni hadi penye mfereji. Waya mdogo uliopitishwa ndani yake ukatoa joto, ukachoma uvimbe ulioziba, kisha wakaweka kibomba ili njia ibaki wazi. Saratani haikwisha yote, na daktari wa huko hakuwaficha, ila nyongo ilianza kupita tena.

Siku ya mahafali kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Skolastika alilia kidogo, akaimba hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata babu alirudi, macho meupe, hajikuni. Kabla hata ya kunywa maji, aliweka kiti katikati ya uwanja. "Vaa sare, uimbe."

Skolastika aliimba nyimbo zote, babu akapiga makofi mpaka majirani wakachungulia.

"Nilikununia njia nzima ya kwenda Dar," babu alisema. "Kumbe ningechelewa kidogo tu, ningekufa. Mimi nilimdanganya daktari, wewe ukaniokoa kwa kusema kweli. Ukimpenda mtu, usimsaidie kuficha ugonjwa wake."

Kesho yake alfajiri, Skolastika alipobeba kopo, babu aliuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Rangi gani leo?"

"Maji ya kisima, babu."