Uyoga wa Upande wa Pili

Mtumbwi ulipigwa na gogo katikati ya mto Malaba, ukapasuka, na Selpher akajikuta anameza tope. Mwaka ule, uhuru ukiwa bado njiani, mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Mto uliacha njia yake ukameza mashamba na mafunjo. Mkono ulimkamata nguo mgongoni, ukamburuta mpaka kwenye kichuguu kikubwa kama nyumba, kimejaa vichaka. Alipogeuka kushukuru, aliyemwokoa alikwisha kujificha upande wa pili.

Alikuwa Othieno, mkwewe. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hali mbele yake. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Alikuwa amemfuata mama mkwe nyumbani kwake Masafu kwa kuwa mkewe Felistus, binti wa Selpher, alikaribia kujifungua mtoto wa kwanza kule Kiyeyi na alimlilia mama yake. Njia nzima kijana alikaa mbele ya mtumbwi, kampa mama mkwe mgongo. Na sasa maji yalikuwa yamemvua hata suruali, maskini, basi ndiyo kabisa.

Opolot, mwenye mtumbwi, alikumbatia ubao akaenda nao kutafuta msaada.

Wakangoja. Walikunywa maji ya tope, wakasemezana bila kuonana. Njaa ilipowazidi, uyoga ukachipuka. Selpher aliuvuta taratibu, ukatoka na mzizi mrefu uliotoka ndani kabisa ya kichuguu. Huo aliujua tangu utoto, aliula bila wasiwasi.

"Huko kwako upo?" akauliza.

"Upo mwingi, mama. Chini ya mti."

"Uvute. Una mzizi mrefu?"

Alimsikia kijana akiung'oa. "Ni wa kichuguu hikihiki, mama."

Selpher alitaka kwenda kuuona. Zilikuwa hatua chache tu. Lakini kumkuta mkwe uchi? Watu wa kwao wangesema amewalaani wajukuu. Akafunga kwenye jani chumvi kidogo ya safari yake, iliyosalimika ndani ya kichupa alichokifunga kiunoni, akairusha juu ya kichuguu.

"Ahsante, mama. Umenoga."

Selpher akacheka peke yake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kula pamoja, kama kule ni kula pamoja.

Kesho yake alimsikia akitapika. Alipomuuliza, Othieno alisema ni maji machafu. Baadaye akatulia, akasema amepona, akaanza hata kuchagua jina la mtoto. Selpher akamshukuru Mungu. Kumbe sumu ilikuwa imemwachia tu apumzike kidogo, kisha ikamrudia kwa nguvu.

"Mama," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo."

Selpher akazunguka. Alimfunika kwa leso yake, akampakata kichwa. Macho ya kijana yalikuwa manjano. Chini ya mti ulibaki uyoga mmoja. Aliung'oa, haukuwa na mzizi wowote. Shinani ulikuwa na kifuko kilichochanika, kama ule wa sumu. Moyo ukampasuka.

"Mwanangu, mbona hukuniita nikauona?"

"Niliona haya, mama."

Kijana akawa anamtazama usoni, mara ya kwanza, na hakuyaondoa macho mpaka pumzi ilipokatika. Selpher alilia hadi sauti ikamkauka.

Opolot alirudi na wavuvi, akawakuta hivyo. Kiyeyi, Felistus alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Alimwona mama yake anashuka peke yake, leso hana, akaanza kupiga kelele kabla ya kuambiwa neno.

Miaka ikapita. Mildred, binti mdogo wa Selpher, akaolewa, na mumewe akaja kuwasalimu wakwe. Alisimama nje ya boma, uso kaugeuza, akingoja apelekewe chakula chake pembeni. Selpher alitoka, akamshika mkono mbele ya mashangazi wote walioguna, akamkalisha penye sahani yake.

"Kula hapa," akamwambia, machozi yakimtiririka. "Kula hapa nikuone."