Hedi ya Pikipiki ya Joash

Jioni hiyo Osiako alikwenda kuchukua pikipiki, basi. Kazi ya saa moja. Soko zima la Khwisero lilimjua kama fundi, lakini yeye mwenyewe hakuwa na chombo cha kupanda, na mkewe Mitchel alikuwa amebakiza siku chache ajifungue. Mwaka jana bodaboda iliwazimikia katikati ya mlima, mvua inanyesha, taa ya zahanati wanaiona pale juu. Mtoto yule walimzika. Safari hii, aliapa, hawatakwama.

Pikipiki ilikuwa ya kaka yake Joash, aliyezikwa Jumamosi ng'ambo ya mlima, bila kuacha mtoto. Ilikuwa tustroki ya zamani, ile inayochanganyiwa oili na petroli. Navalayo, mjane wake, alitoka mlangoni akijifunga leso.

"Shemeji, leo ni Jumatatu tu," alinong'ona. "Tunanyolewa Alhamisi, ndiyo matanga iishe. Vitu ya marehemu hatugusangi mpaka zigawanywe."

"Mitchel hawezi ngoja Alhamisi."

"Basi muombe mwenyewe. Kaburi ndiyo hiyo."

Osiako hakuomba. Kichwa ngumu, kama kawaida yake! Alipita kando ya udongo mbichi bila kugeuza shingo, akaisukuma pikipiki mpaka juu ya mlima, akaiteremsha upande wa pili hata bila kuiwasha.

Kesho yake alifungua injini kibandani kwake, kando ya nyumba. Ilikuwa imechoka, kupandisha watu wawili isingeweza. Dawa yake aliijua: kusaga hedi, kile kifuniko cha silinda, ili nafasi ya kuchomea petroli ipungue, mlipuko ubanwe na nguvu iongezeke. Alitandika msasa juu ya kioo, akazungusha hedi taratibu. Kisha akaipindua, akajaza oili kwa sindano ya hospitali apime kwa mililita nafasi iliyobaki.

Kumi na nne.

Akasaga saa nzima. Unga wa chuma ukatapakaa kwenye kioo, vidole vikawa vyeusi. Akapima.

Kumi na nne.

Labda sindano inavuja. Akachukua nyingine. Akasaga tena mpaka mikono ikafa ganzi.

Kumi na nne...

Hapo ndipo harufu ya tumbaku ilipomjia. Tumbaku ya Joash. Osiako hajawahi kuvuta maishani mwake, na kibandani hakukuwa na mtu mwingine. Aliogopa, tuseme ukweli. Lakini badala ya kuacha, alisaga kwa hasira, kama mtu anayevutana na mwenzake aliyeshika upande wa pili. Jua lilipoanza kuzama akapima mara ya mwisho.

Saba.

Nusu nzima imeondoka kwa mpigo mmoja! Sasa ilikuwa imezidi. Injini iliyobanwa hivyo hupata moto mno, na huweza kujiwasha yenyewe hata bila cheche ya plagi. Ilibidi aweke gasketi nene chini ya hedi ili nafasi iongezeke. Alikuwa bado anaitafuta kwenye mkebe aliposikia kelele ndani ya nyumba.

"Osiako! Maji imetoka!"

Akafunga hedi hivyo hivyo. Kiki moja tu, injini ikaitika. Mitchel akapanda nyuma, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, wakaondoka.

Na ilipanda, jamani! Ilipanda ule mlima kama wako tambarare. Walipopita pale walipokwama mwaka jana, Osiako alicheka kwa sauti, machozi yakimtoka. Taa ya zahanati ikakaribia. Muuguzi alikuwa amesimama langoni. Osiako akapunguza moto, akazima swichi.

Injini haikuzima.

Ni kompresheni, akajiambia. Imezidi, inajiwasha yenyewe. Fundi yeyote anajua. Akafunga petroli.

Haikuzima.

Akavuta klachi. Akakanyaga breki mpaka mguu ukamuuma. Lango likapita. Muuguzi akaruka kando, akapiga yowe, sauti yake ikabaki nyuma yao. Mbele barabara ilianza kuteremka kuelekea kwa Joash, na pikipiki ikaishika bila kuyumba, kama inayokwenda nyumbani.

Harufu ya tumbaku ikamjaa puani.

Osiako akatazama kioo cha pembeni. Alimwona Mitchel peke yake, macho yameduwaa, midomo imekauka. Mikono yake miwili ilikuwa bado imemkaza kiunoni.

"Shikilia!" Osiako alipaza sauti. "Nitaisimamisha, nakuapia!"

Mitchel akamwekea kidevu begani.

"Osiako..." alinong'ona. "Huyu mwenye amekaa nyuma yangu ni nani? Mwambie aniachilie tumbo."